Kitambi cha Mjini na Njia ya Nyumbani

Ndugu msomaji, leo nakuomba radhi mapema, kwa kuwa nitasema habari za tumbo langu mwenyewe, na si jambo la heshima sana mtu mzima kulileta tumbo lake mbele za watu siku ya Jumapili. Lakini nimeona kwamba nikisema habari za matumbo ya wengine, utaniuliza, tena kwa haki kabisa, kama langu likoje.

Mwezi wa Agosti mwaka juzi tulimzika mzee mmoja wa ukoo wetu huko Kirua Vunjo. Wewe unayetoka mlimani wajua desturi: mtu wetu huzikwa kihambani kwake, chini ya migomba yake, karibu na baba yake. Na wajua pia kwamba barabara haifiki kila kihamba. Gari lilipanda kutoka Uchira, likatufikisha lilipoweza, kisha likasimama, na jeneza likashushwa mabegani mwa wanaume. Mbele yetu palikuwa na njia nyembamba iliyopakana na masale pande zote mbili, yenye mwinuko ambao utotoni tuliupanda mbio tukiwa na ndoo za maji kichwani. Njia yenyewe haizidi mita mia tatu.

Nilijitokeza kushika upande wa mbele kama ilivyonipasa. Nilikuwa na miaka 51, mwenye suti, mwenye cheo kidogo ofisini, na mwenye kilo ambazo siku hiyo sikuijua idadi yake. Hatua arobaini za kwanza nilikwenda vema. Baada ya hapo kifua kikaanza kuwaka, magoti yakalegea, jasho likaniingia machoni, na upande wangu wa jeneza ukaanza kushuka. Wenzangu wakalihisi jambo hilo. Ndipo mkono ukanigusa begani, na sauti ikasema kwa upole, "Mwanangu, nipishe." Alikuwa baba yangu mdogo, naye wakati ule alikuwa na miaka 73. Akaingiza bega lake palipokuwa langu, jeneza likakaa sawa, na watu wakaendelea na safari.

Hakuna aliyenicheka. Laiti wangenicheka! Walinionea huruma, na mama mmoja akaniletea kiti.

Juma lililofuata nilikwenda kupimwa. Mizani ilisema kilo 92. Utepe ulionizunguka tumboni ulisema sentimeta 108. Muuguzi akanipima shinikizo la damu mara tatu, huku akiniacha nipumzike katikati, kisha akaandika 158 kwa 98. Akaniuliza kama kuna mtu katika familia yetu aliyepata kupigwa na kiharusi. Nikamjibu kwamba kaka yangu mkubwa alianguka bafuni akiwa na miaka 54, wala hakuinuka tena. Muuguzi hakusema neno, aliandika tu. Nami nilikaa pale kwenye benchi nikifanya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aiweza: hamsini na nne kutoa hamsini na moja.

Sasa, ndugu msomaji, wengi wetu tumelelewa kukiheshimu kitambi. Mtu akirudi kutoka mjini amenenepa husemwa kwamba mambo yake ni mazuri. Akirudi mwembamba, mama yake hulia. Katika nchi iliyoijua njaa, na sisi tulioishi miaka ya foleni za unga na sukari baada ya vita vya Kagera twaelewa, tumbo lilikuwa ni ushahidi kwamba mtu anakula na kusaza. Siwezi kuwalaumu wazee wetu kwa hilo. Lakini mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo, hayajui habari za heshima. Ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari, na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ndiyo maana waganga wa siku hizi, pamoja na mizani, hutumia utepe kama ule wa fundi cherehani. Upimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, wala usilivute tumbo ndani kama wafanyavyo wanaume wote. Mwanamume akipita sentimeta 94 aanze kujiangalia, na akipita 102 yumo hatarini hasa. Kwa mwanamke hesabu ni 80 na 88.

Nilipoanza kutafuta chanzo, nilifikiri kwanza ni umri. Ndivyo tunavyoambiana barazani: ukipita arobaini moto wa mwili hupungua, chakula hakichomwi, basi mtu hunenepa hata kwa maji. Kumbe sivyo. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,000, toka watoto wachanga hata wazee, wakaona kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hubaki karibu yaleyale tangu miaka 20 hadi 60. Kupungua huja baadaye. Basi umri wangu ulikuwa umesingiziwa. Kinachopungua katika miaka hiyo ni misuli, nayo hupungua hasa kwa sababu haitumiki. Kwa akina mama kuna jambo la ziada: hedhi inapokoma, mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na nyongani huhamia tumboni, hata kama mizani haikusema kitu.

Nikaichukua siku yangu nikaiweka kando ya siku ya baba mdogo. Yeye huamka alfajiri akakata majani ya ng'ombe, akayabeba, akakamua, akapanda hadi kwenye mfereji wetu wa asili, mfongo kama wenyewe tunavyouita, kufungulia maji siku ya zamu yake. Kisha akateremka, akapalilia, akapanda tena. Kihamba cha mlimani hakina tambarare. Hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani ni kazi ya moyo na mapafu. Mimi huamka Soweto, bodaboda hunisubiri mlangoni, hunishusha karibu na mnara wa saa, safari isiyofika kilomita tatu, nami hukaa kitini hadi saa kumi. Jioni bodaboda, kiti kingine, nyama ya kuchoma na chupa mbili. Kuna siku nilihesabu hatua zangu zote na zilikuwa chache kuliko za kuku wetu.

Wala jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1953 mganga mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walikuwa watu wa hali moja, lakini dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Madereva ndio walioshikwa zaidi na maradhi ya moyo. Hapa kwetu napo wataalamu waliwafuata watu zaidi ya mia mbili waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, na ndani ya mwaka mmoja tu wahamaji hao waliongezeka kwa wastani zaidi ya kilo 2 kila mmoja, huku kazi za kutoa jasho zikipungua vibaya sana. Katika miaka ya 1980 vijiji sita vya nchi yetu vilipimwa kisukari, vya mkoa wa Kilimanjaro vikiwamo, na aliyekuwa nacho hakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa taifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika kila mia. Katika uchunguzi huohuo, mmoja kati ya wanne alikuwa na uzito uliozidi.

Naomba hapa nisimpe sifa za bure mtu wa mlimani. Wapimaji walipofika Shari, wilaya ya Hai, walikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, ingawa watu wale hutembea kuliko sisi. Chumvi, pombe na urithi navyo vina yao. Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Machame au Marangu, usikunje gazeti ukidhani kwamba habari hii ni ya watu wa Moshi mjini.

Nilipokwisha kujua haya nilifanya ujinga, nao nausimulia ili usiurudie. Nilikwenda Kiboriloni, nikachagua viatu vya mitumba vizuri sana, na kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka mbio kuelekea barabara ya Arusha, mtu mwenye kilo 92 ambaye hajakimbia tangu jeshi la kujenga taifa. Nilikimbia kama dakika nane. Ya tisa kitu kikakatika katika shavu la mguu kwa sauti ambayo nadhani hata mbwa wa jirani waliisikia. Nikarudi nyumbani nimebebwa na bodaboda ileile niliyokuwa nikiikimbia, nikakaa majuma matatu nikikandwa. Mke wangu hakusema kitu, ila aliviweka viatu vile juu ya kabati, mahali pa kuonekana.

Safari ya pili nilianza kama mtoto anayejifunza kusimama. Dakika kumi kwa miguu, jioni, juma zima. Juma la pili dakika kumi na tano. Nikaacha bodaboda ya asubuhi, kisha nikaacha na ya jioni. Mwezi wa pili nikaanza kutumia nguzo za umeme: nguzo tatu mwendo wa haraka, nguzo mbili mwendo wa polepole, tena na tena. Mwendo wa haraka ninaousema una kipimo chake, wala hauhitaji saa ya fedha nyingi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, umelala. Usipoweza kuzungumza, umezidisha. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa juma, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mfanyakazi anayeshuka vituo viwili kabla ya kazini na kupanda vituo viwili mbele ya kazini amekwisha kuzipata bila kupoteza Jumamosi yake.

Kwa habari ya misuli, sikununua chuma. Nilikaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, nikapumzika, tena mara kumi. Nilisukuma ukuta kwa mikono. Madumu mawili ya maji, lita tano kila mkono, yalitosha kunikumbusha kwamba nina mabega.

Moshi, ndugu msomaji, imetupa neema ambayo watu wa pwani hawana. Mji huu uko kiasi cha mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, hewa ya asubuhi ni baridi, na ukishika njia yoyote ya kaskazini, iwe ya Kibosho, Uru au Old Moshi, baada ya muda mfupi mlima wenyewe hukufanyia kazi. Nilipokuwa tayari nilianza kupanda njia ya Kibosho kila Jumamosi, kila mwezi nikisogeza mbele kidogo mahali pa kugeukia. Kupanda huchosha moyo, kushuka huumiza magoti. Basi shuka polepole kwa hatua fupi, hasa kama uzito bado ni mkubwa. Waliopima wanasema kila kilo unayoipunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Mimi nililiamini hilo kwa goti langu kabla ya kulisoma.

Hata hivyo, baada ya miezi miwili ya nguzo za umeme nilipanda mizani kwa shangwe, na mizani ikasema kilo 91. Kilo moja! Nilitaka kuitupa mizani dirishani.

Hapa ndipo Wahadzabe waliponifundisha. Ndugu zetu hao wa bonde la Ziwa Eyasi bado wako wanaoishi kwa uwindaji, mizizi na asali. Wanaume hutembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha vipimo vya nguvu zinazotumiwa na miili yao, na kinyume cha walivyotarajia, wakaona kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nguvu nyingi kwa siku kuliko karani wa Ulaya au Marekani. Mwili ni mhasibu mjanja. Ukitumia sana upande huu, hubana matumizi upande mwingine. Maana yake kwetu ni kwamba kutembea hujenga moyo, hushusha shinikizo, husaidia sukari na usingizi, na hulinda kilo zilizopungua zisirudi. Lakini kilo zenyewe hutokea sahanini.

Nikarudi basi nyumbani kutazama sahani. Nilianza na kikombe. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, na kuvitembeza nje ya mwili kunataka karibu nusu saa ya mwendo wa haraka. Soda moja ya chupa ina kiasi cha vijiko tisa. Nilipunguza kijiko kimoja kila majuma mawili, na sasa nakunywa chai yenye ladha ya majani ya chai, kitu nilichokuwa nimekisahau. Bia mbili za nusu lita zinadai saa nzima ya miguu. Na mbege yetu, kwa heshima zote za ndizi na ulezi, ni chakula na pombe kwa pamoja; mtu hawezi kuinywa kata nzima kisha akakaa mezani kama ambaye hajala.

Chakula chetu cha asili hakina kosa. Ndizi na maharage ya kiburu ni chakula bora kuliko sahani ya chipsi kuku ninayoiona mezani kwa vijana. Mtori ni mzuri, ila bakuli la mtori lina ndizi tele na nyama, nalo ni mlo kamili; sisi tumelifanya kuwa utangulizi wa mlo. Nyumbani kwetu mafuta yalikuwa yakimiminwa kutoka chupani kwa jicho. Mke wangu akaanza kuyapima kwa kijiko, na ile lita iliyokwisha kwa juma moja sasa hufika la tatu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vile vipande vya supu vya dukani. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, wali au ndizi, robo maharage, samaki au nyama. Mnafu, mchicha na sukuma wiki sokoni Mbuyuni havijawahi kumfilisi mtu.

Neno moja kwa wanaume wenzangu, nalo nalisema nikiwa nimejifunza kwa taabu. Usije nyumbani na amri ya daktari mfukoni ukamtaka mkeo apike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Nilijaribu siku tatu. Siku ya nne nilikuta chungu kimoja na mwiko umelazwa juu yake, nikaelewa. Sasa nyumba nzima hula chakula kimoja, na kumenya na kukatakata mboga ni kazi yangu. Watoto walinung'unika mwezi mzima kwa ajili ya soda.

Na kwa akina mama? Hapa nina barua ya dada mmoja wa Pasua, mama lishe wa miaka 46, aliyeniandikia baada ya kunisikia nikisimulia habari hizi mahali fulani. Anasema alikuwa na kilo 94. Hukaa kandokando ya majiko tangu alfajiri, huonja kila chungu, na jioni hukosa nguvu hata ya kuinama. Alipogunduliwa kuwa sukari yake imeanza kupanda, akaamua. Akaacha kuonja kwa ukawa akaonja kwa kijiko cha chai, akaanza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu na mwenzake mmoja, na kwa muda wa miezi minane akapungua kilo 9. "Nilidhani watu watanipongeza," anaandika. Badala yake wateja wakaanza kupungua. Mama mkwe akamwuliza mwanawe kama anamnyima mkewe chakula. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba yuko dada fulani wa kliniki anayetoa dawa kwa siri.

Tusijifanye hatujui kinachonong'onwa. Ugonjwa wa UKIMWI uligunduliwa kwanza nchini mwetu mwaka 1983, mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata, kabla dawa hazijapatikana, tulizika vijana wetu wakiwa wamekonda hata mashavu yamegusana kwa ndani. Kukonda kukawa hukumu. Mpaka leo mtu akipungua mtaani macho humfuata. Wako wanaume na wanawake ambao wameamua afadhali wabaki na kilo zao, kisukari chao na shinikizo lao, kuliko kusemwa. Hilo ndilo gumu kuliko nguzo za umeme, nami sina dawa yake ya chupa. Ninachoweza kumwambia dada yangu wa Pasua ni kile alichokifanya mwenyewe, maana barua yake haiishii kwenye malalamiko: alibandika ukutani, juu ya meza ya wateja, karatasi yenye vipimo vyake vya sukari, cha mwanzo na cha mwisho. Wateja walirudi, na wawili wao wamemwuliza wampe kijiko chake cha kuonjea.

Lakini sikiliza kwa makini. Anayepungua kwa kujitaabisha ni mmoja. Anayepungua bila kutaka ni mwingine. Ukiona nguo zinakulegea na hukubadili chochote, au una kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, au kikohozi na jasho la usiku, usingoje mtaa useme. Nenda hospitali ukapimwe kisukari, kifua kikuu na virusi, kwa kuwa yote hayo leo yana tiba au udhibiti. Vivyo hivyo, kama ukipanda ngazi kifua kinakubana au maumivu yanakwenda mkono na taya, usianze mazoezi yoyote kabla ya daktari kukuona. Na mwenye kutumia dawa za kushusha sukari asipunguze chakula ghafula bila kumwambia aliyempa dawa, asije akaanguka njiani.

Wengi huuliza wapungue kiasi gani. Mimi nilikuwa nikiota kilo 68, uzito wangu wa harusi. Ndoto hiyo niliiacha niliposoma habari za utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, kwa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wenye umri wa wastani wa miaka 51, umri wangu hasa. Kundi moja liliambiwa lipunguze asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma. Hatari yao ya kuingia katika kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko kundi la vidonge lililopata asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 92 ni kilo sita na nusu. Hizo mtu aziweza, akienda nusu kilo kwa juma, akianguka na kuinuka, akila pilau ya harusi na kurudi kwenye mboga Jumatatu.

Sikuandika haya ili upande Kibo. Yuko bibi wa Marekani, Anne Lorimor, aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mwaka 2019 akiwa na miaka 89, nami namvulia kofia na kuishia hapo. Kwa watu wa kawaida yako mambo ya kawaida. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na mitaani kwetu viko vikundi vya mbio za pole ambavyo havimfukuzi mwenye kitambi. Zile mbio za Kilimanjaro zilizoanza 2003 hapa Moshi nazo zina kilomita 5 kwa watu wa namna yangu. Nilizitembea safari hii. Nilipitwa na mtoto aliyekuwa akila muwa.

Mizani sasa inasema kilo 85, na imekataa kushuka toka Septemba. Utepe ni sentimeta 98. Shinikizo ni 134 kwa 84, na bado nameza kidonge kimoja kila asubuhi, kwa kuwa daktari amekataa nikiache, nami sibishani naye. Miaka 54 bado sijaifikia.

Krismasi iliyopita tulipanda nyumbani kama kawaida ya Wachagga wote, kwenda kuhesabiwa. Niliwaacha watoto na gari barabarani nikapanda ile njia ya masale kwa miguu, nimebeba mfuko wa mchele begani. Nilipumzika mara moja. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba. Ana miaka 75 na goti moja limeanza kumsumbua. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia toka viatu hadi kichwa, muda mrefu, kisha akasema, "Sasa naona utaweza kunibeba."

Nikamwambia aache maneno hayo siku ya sikukuu. Akacheka, akanionyesha shoka lilipo, kwa maana kulikuwa na kuni za kupasua.